Mjomba Akiingia, Simama

Asubuhi ile mama mtu alilipiga pasi joho la bintiye kwa hasira mpaka meza ikawa inalia. Binti mwenyewe alikuwa Spika wa Bunge, mwanamke mzima mwenye mvi zake, lakini ndani ya nyumba ile joho la Spika lilipigwa pasi na mama yake na si mtu mwingine, na ole wake mfanyakazi atakayeligusa. Bibi huyo akaanza na kola, akaja mikono, akageuza mgongo. Muda wote huo hakusema neno. Waliomjua walijua kwamba akinyamaza namna hiyo kuna kitu anakipika kifuani, na kikiiva kitamwagikia mtu.

Kikaiva. Akaisimamisha pasi, akamtazama bintiye aliyekuwa anakunywa chai ya harakaharaka kando ya jiko.

"Leo kaka yangu akiingia mle ndani, simama," akamwambia. "Usiposimama, usirudi hapa kuniita mama."

Hakuongeza wala hakupunguza. Akaichukua pasi, akaendelea na mgongo wa joho.

Sasa ngojeni niwaeleze, msije mkadhani ni ugomvi wa kawaida wa ndugu. Kaka huyo aliyekuwa anasemwa hakuwa mwingine ila Rais wa nchi. Ndiyo, Rais mwenyewe, yule wa picha ukutani. Kwa watu wote alikuwa Mheshimiwa, na Mtukufu, na majina mengine marefu ambayo watangazaji walikuwa wakiyataja mpaka pumzi zinawaishia. Kwa Spika alikuwa Mjomba. Baba yake Spika alifariki watoto wakiwa wadogo, na Mjomba huyo ndiye aliyewachukua wote pamoja na mama yao, akawapa pa kulala, akawasomesha, akawavisha. Hilo halina ubishi, na mwenyewe hakuliacha lisahaulike.

Katika nyumba ya Mjomba kulikuwa na sheria moja iliyozitangulia sheria zote. Mjomba akiingia, simama. Uwe unakula, uwe unasoma, uwe unasukwa na kichwa kiko nusu, ukivisikia viatu vyake mlangoni unanyanyuka, shikamoo Mjomba, na hukai mpaka aseme kaa. Siku nyingine alikuwa anasahau kusema. Basi watoto wanabaki wima pale mezani, chakula kinapoa, wanatazamana kwa pembe ya jicho, na hakuna aliyethubutu kukunja goti. Mama yao pia alikuwa anasimama, tena yeye ndiye wa kwanza.

Binti akakua, akawa mwalimu wa michezo, kisha akawa refa. Refa kweli, wa mpira wa miguu, mwenye filimbi shingoni na kadi mfukoni, wakati ambapo wanaume walikuwa wakimzomea hata kabla hajapuliza. Hawakumzomea muda mrefu. Aliwahi kumtoa nje nahodha wa timu ya jeshi kwa kumtukana mshika kibendera, na nahodha akatoka, tena huku anaomba radhi. Kwa hiyo hata Bungeni wabunge wa pande zote walimwita Refa. Lakini kwenye chumba cha chai walikuwa na jina jingine la kunong'onezana: Spika wa Mjomba. Maana nani alimwingiza kwenye siasa? Mjomba. Nani alipiga simu huku na huku ili achaguliwe kukikalia kiti kile? Mjomba. Jina hilo lilikuwa linamchoma, na lilimchoma zaidi kwa sababu hakuweza kulikana lote.

Na Mjomba alikuwa amefanya nini mpaka tukafika hapa? Uchaguzi ulikuwa umekaribia, mabango yamebandikwa hadi kwenye miti, yeye akatoa amri kwamba uchaguzi umeahirishwa mpaka hali itulie. Watu wakatazamana. Hali gani? Hali ilikuwa imetulia tuli. Kilichokuwa hakijatulia ni roho yake, maana alishanusa kwamba anashindwa. Mahakama ikamwambia amri hiyo ni batili, aifute. Akajibu kwamba mahakama haikumchagua yeye. Hapo ndipo wabunge, hata baadhi ya wale wa chama chake, walipopiga moyo konde wakaandika hoja ya kumwondoa madarakani. Ikatiwa saini na idadi iliyotakiwa. Spika akaipokea kama Katiba inavyotaka, na siku hiyo wengi waliduwaa, walidhani angeikalia. Kamati ikaundwa, ikachunguza, ikaleta taarifa kwamba Rais amevunja Katiba na ana kesi ya kujibu.

Yakabaki mambo mawili tu. La kwanza, Rais apewe nafasi ya kujitetea mbele ya Bunge. La pili, kura ipigwe, na wanaotaka aondoke wafike theluthi mbili ya wabunge wote. Ila Katiba iliweka siku ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila kura, hoja inakufa, na haifufuliwi mpaka lipatikane Bunge jipya. Haya, niambieni, Bunge jipya lingetoka wapi ikiwa uchaguzi wenyewe umefungiwa kabatini?

Siku hiyo ya mwisho ndiyo hii ya pasi na joho.

Ofisini Refa alimkuta Katibu wa Bunge anamsubiri mlangoni. Katibu alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, mwenye kikohozi kilichomjia kila alipokuwa na habari mbaya. Akakohoa. Ikulu imeleta taarifa, akasema: Rais atakuja mwenyewe kujitetea, tena atakuja kwa heshima zote, yaani na gwaride, na tarumbeta, na bendi nzima.

Refa hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Damu ilimchemka palepale. Bunge lile lilikuwa na mila yake ya tangu lianzishwe. Rais akija kwa heshima zote, kama siku ya kulifungua Bunge, kiongozi wa bendi husimama nyuma ya ukumbi mkono juu, macho kwa Spika. Spika akisimama kumpokea Rais, mkono unashuka, wimbo wa taifa unapigwa, na kuanzia hapo kikao kinakuwa kikao cha heshima. Kikao cha heshima hakina hoja wala hakina kura. Rais anasema aliyokuja kusema, anapigiwa makofi, Bunge linaahirishwa hadi kesho. Mila ilikuwa ya raha na vifijo, na miaka yote hakuna aliyewahi kufikiri kwamba inaweza kutumika kuua kitu. Kinachokigeuza kikao si wabunge kusimama, si bendi kuja. Ni Spika kunyanyuka kitini. Na kumzuia Rais asije, au kuifukuza bendi mlangoni, kulikuwa hakuwezekani. Ana haki ya kuja, na fujo mlangoni ndiyo ambayo watu wake wangeipenda kuliko yote.

Kwa maneno mengine, mpango mzima wa kumwokoa Mjomba uliwekwa juu ya magoti mawili ya mpwa wake.

Katibu alikuwa hajamaliza kukohoa, akaingia Mafuta. Huyu alikuwa Mnadhimu wa chama tawala, yaani mchunga wabunge wa chama, na jina la Mafuta hakupewa kwa sababu ya paji lake la uso linalong'aa, ingawa lilisaidia. Alikuwa na maneno laini, yanayokuingia bila kubisha hodi. Akaketi bila kukaribishwa, akasifu mapazia, akauliza hali ya mama. Kisha akaanza kumpaka Spika. Hakuna anayemwomba aitupe hoja, alisema, hiyo ingekuwa aibu na ingeleta maneno. Hakuna anayemwomba akataze kura. Wala hakuna anayemwomba aseme lolote.

"Simama tu, Mheshimiwa," akasema. "Nani duniani atakulaumu kwa kusimama?"

Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akakumbuka kitu, au alijifanya kukumbuka. Mama ametumiwa gari, alisema. Atakaa jukwaa la wageni, safu ya mbele, amwone kaka yake vizuri. Refa akamwuliza kama amemaliza. Mafuta akasema amemaliza. Refa akamwambia basi aende akatafute mahali pake pa kukaa, kengele inakaribia kulia.

Katibu naye akatoka. Refa akabaki peke yake, na hapo, msiniulize nimejuaje, aliogopa. Aliogopa kweli. Hakuogopa kufukuzwa uspika, maana alishawahi kuishi kwa mshahara wa mwalimu na hakufa. Hakuogopa polisi. Aliogopa kurudi nyumbani na kumkuta mama yake amempa mgongo. Na ubaya wa hila ya Mafuta ni kwamba ilikuwa safi. Angesimama, bendi ingepiga, hoja ingekufa kimyakimya, na yeye angebaki msafi, mtoto mwenye adabu, Spika aliyefuata mila. Hata vitabu vya historia visingemtaja vibaya. Vingesema tu muda ulikwisha.

"Loo, wamenipata," akajisemea. Akalivaa joho. Mkunjo hata mmoja haukuwepo.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Harufu ya nta ya sakafu, taa nyekundu za vipaza sauti, wapiga picha wamebanana kwenye kona yao, na watu huko nje wamezizunguka redio madukani, gereji na kwenye vibaraza. Refa akaketi kwenye kiti kikubwa, akainua macho juu. Mama yake alikuwa pale, safu ya mbele, mkoba mapajani, amenyooka. Nyuma ya ukumbi bendi ilikuwa imejipanga ukutani, vyombo vinameta, na mbele yao kiongozi wao, mzee mnene mwenye glavu nyeupe, ameshanyanyua mkono. Macho yake yalikuwa kwa Spika.

Tarumbeta ikalia nje. Milango ikafunguliwa pande zote mbili. Mjomba akaingia.

Alikuwa amevaa suti yake nyeusi, na alitembea mwendo wake uleule wa nyumbani, kisigino kwanza, pole pole, wa mtu anayejua kwamba ataona watu wamesimama. Na magoti ya Refa yakamsikia kabla ya masikio. Wallahi, yalianza kunyanyuka yenyewe. Miaka yote ile ya utotoni ilikuwa ndani ya magoti yale, nayo hayakuwa yamesoma Katiba. Akaikamata mikono ya kiti kwa nguvu zote, akajikandamiza chini, akabaki amekaa.

Wabunge wakaanza kunyanyuka, mmoja hapa, watatu pale, wengine wakasimama nusu, makalio hewani, hawajui waende juu au warudi chini. Jukwaa la wageni lote likasimama. Mjomba akafika katikati ya ukumbi, akasimama, akasubiri wimbo wake. Wimbo haukuja. Mpiga tromboni, lile tarumbeta refu, alikuwa ameshavuta pumzi, mashavu yamemvimba. Mafuta, kutoka kwenye kiti chake, akamwashiria kwa kichwa kiongozi wa bendi: piga. Kiongozi wa bendi akajitia hamnazo. Amri yake ilikuwa moja tu, Spika akisimama, naye Spika alikuwa hajasimama, basi mkono ukabaki juu ukitetemeka kidogo kwa uchovu.

Refa akawasha kipaza sauti. Akawaambia wabunge wakae, kwa kuwa kilicho mbele yao siku hiyo ni hoja na si sherehe. Sauti yake haikutetemeka, na mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi. Wabunge wakakaa. Waliokuwa nusu ndio waliokaa haraka kuliko wote.

Rais hakukaa. Alimtazama Spika kwa jicho ambalo Refa alilifahamu vizuri, jicho la mezani, la kumtazama mtoto aliyechelewa kunyanyuka. Akasogea kwenye kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili yake.

"Mwanangu," akasema. "Simama."

Jamani. Laiti angesema Mheshimiwa Spika, mila ya Bunge hili inataka hivi na hivi, labda wangetokea mawakili wa kumtetea, labda mjadala ungezuka na siku ingekwisha hivyohivyo kwa maneno. Lakini mtu aliyezoea kuamrisha hajui kwamba anaamrisha; kwake ni kuongea tu. Miaka nenda rudi alikuwa akisimama majukwaani na kuapa kwamba Bunge ni huru na yeye haliingilii hata kidogo. Sasa nchi nzima imemsikia, kwenye redio, anamwambia Spika wa Bunge asimame kama anavyomwambia mtoto wa nyumbani. Kwenye viti vya nyuma walikaa wabunge wa chama chake ambao tangu asubuhi walikuwa hawajui waegemee wapi. Uso mmoja baada ya mwingine ukakunjamana. Kila mmoja alijiona yuko pale mezani, wima, chakula kinapoa.

Refa akainama kwenye kipaza sauti.

"Nyumbani nitasimama, Mjomba," akasema. "Hapa umeitwa ujibu. Kiti chako ni kile pale."

Akamwonyesha. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, na meza ndogo, na glasi ya maji. Kamera zikabofya. Halafu kiongozi wa bendi akashusha mkono wake pole pole, si kwa kupiga, kwa kupumzika, na mpiga tromboni akaiachia ile pumzi aliyoishikilia muda wote, ikatoka kwenye chombo kwa mlio wa tairi linalopungua upepo. Mtu mmoja juu akacheka. Wakacheka wengine. Na ukishachekwa ukiwa umesimama katikati ya ukumbi, huna jingine ila kukaa. Rais wa nchi akaenda akakaa kwenye kiti cha mbao.

Jukwaa la wageni nalo likakaa. Wote, isipokuwa mtu mmoja. Mama yake Refa alibaki wima, peke yake, mkoba ameukumbatia, anamtazama kaka yake kule chini. Kaka hakuinua kichwa. Mama alibaki hivyo wakati Katibu akisoma mashtaka, alibaki hivyo wakati Rais akipewa nafasi ya kusema, na Refa akiendesha kikao huku anamwona, kila akiinua macho anamwona, na moyo unamuuma kama jino bovu. Lakini hakusita. Filimbi ikishapulizwa mechi inaendelea.

Utetezi wa Mjomba ulikuwa mrefu na ulizunguka sana. Alieleza barabara alizojenga. Alieleza watoto wangapi wa watu amewalea, na akamtazama Spika, na watu wakaelewa. Mara mbili Refa alimkumbusha, kwa upole na kwa jina lake kamili la cheo, kwamba shtaka ni moja tu, amri ya kuahirisha uchaguzi, basi ajibu hilo. Mara ya pili uvumilivu ukamwisha Mjomba.

"Sasa mlitaka niwaache tu," akasema, "mkachague vibaya?"

Nadhani alidhani ni jambo la busara alilolisema. Alitazama huku na huku akisubiri makofi. Muda wake ulipokwisha taa ikageuka nyekundu, na kipaza sauti chake kikazimwa, kama kinavyozimwa cha mbunge yeyote mwenye maneno mengi. Midomo yake iliendelea kucheza kidogo bila sauti.

Milango ikafungwa kwa ajili ya kura. Kanuni ilisema mlango ukishafungwa haingii mtu wala hatoki, na Mafuta, masikini, alikuwa ametoka kupiga simu ya dharura kwa nani sijui. Akawa anagonga mlango kwa nje, na mpambe wa Bunge, kijana wa kufuata kanuni, anamweleza kupitia tundu la ufunguo kwamba haiwezekani. Hivyo mchunga wabunge wote akakosa kuwachunga, saa ile ile waliyokuwa wanahitaji kuchungwa.

Kura ilikuwa ya wazi, mbunge anaitwa kwa jimbo lake, anasimama, anasema "aondoke" au "abaki". Walianza wale waliojulikana, hakukuwa na la ajabu. Kisha zikaja zile safu za nyuma. Mzee mmoja, mbunge wa siku nyingi, rafiki wa Mjomba tangu ujana wao, alisimama akishikilia meza, akasema neno lake kwa sauti ndogo mno. Refa akamwomba arudie, liingie kwenye kumbukumbu. "Nimesema aondoke," akarudia, safari hii mpaka kwenye jukwaa wakamsikia, na baada yake wengine wakawa wanasimama haraka haraka, kama watu waliokuwa wakisubiri mtu mmoja atangulie kuvuka barabara.

Katibu alihesabu, akahesabu tena, akakohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa cha furaha, au ndivyo nilivyoambiwa. Theluthi mbili ilikuwa imevukwa, kwa idadi ya watu wanaoweza kukaa kwenye benchi moja. Refa akasoma matokeo bila kuongeza chumvi: hoja imepita, kuanzia saa hiyo aliyekuwa Rais si Rais, Makamu ataapishwa, na uchaguzi utafanyika. Mjomba akatoka kwa mlango wa pembeni bila tarumbeta. Watu walipiga kelele, wakarusha makaratasi, wakakumbatiana na maadui zao. Refa akatazama juu. Mahali alipokuwa amesimama mama yake palikuwa patupu.

Alirudi nyumbani jua bado lipo. Akaingia sebuleni, akamwamkia mama yake aliyekuwa anapanga sahani mezani. Hakuitikiwa. Bibi aliendelea kupanga sahani, akaenda jikoni, akarudi na bakuli, akampita kana kwamba ni samani. Refa akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha pembeni na joho lake bado mwilini, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Alikuwa na fahari ya kupasua kifua, na alikuwa na maumivu ya kupasua kifua, na vyote viwili vilikuwa kwenye kifua kimoja. Angeulizwa kama anajuta angesema hapana. Angeulizwa kama analia angesema ndiyo, kwani huoni?

Viatu vikasikika mlangoni. Kisigino kwanza, pole pole.

Mjomba hakubisha hodi. Hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwa dada yake. Aliingia na suti ile ile, tai imelegea. Na Refa akasimama. Hakuna aliyemwambia, hakuna kipaza sauti, hakuna bendi. Akasimama wima, miguu mitupu juu ya sakafu, machozi usoni.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba hakusema marahaba. Hakusema kaa. Alimtazama kutoka juu hadi chini, akasema kumbe anajua kusimama. Kisha akaanza kumwagiza la kufanya. Kesho asubuhi yeye Spika ataita waandishi, atasema hesabu ya kura ilikuwa na kasoro, atasema matokeo yamefutwa, na kwa kuwa siku ya mwisho itakuwa imeshapita hakutakuwa na kura nyingine. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetuma mtoto dukani.

"Hapana, Mjomba," Refa akasema.

"Mimi nimekulea."

"Umenilea. Nakushukuru, na nitakushukuru hadi kufa. Hapana."

Bado alikuwa amesimama, mikono nyuma, adabu zote. Hilo ndilo lililomchanganya Mjomba. Alishazoea kwamba anayesimama anakubali. Hakuwahi kumwona mtu aliyesimama vizuri namna ile na bado anakataa. Uso ukamwiva. Akapandisha sauti, akauliza ni nani, katika nyumba ipi, aliyemfundisha mtoto huyu kumjibu yeye namna hii.

Bibi alikuwa mlangoni mwa jikoni na sahani ya mwisho mkononi. Akaja nayo mpaka mezani, akaiweka. Akamgeukia kaka yake, na hakuwa na haraka.

"Leo nimesimama kule juu peke yangu, kaka," akasema. "Watu wote wamekaa, mimi nimesimama kwa ajili yako mpaka miguu imevimba. Hukunitazama hata mara moja."

Mjomba akafungua mdomo. Bibi akamwinulia kiganja.

"Mtoto ameshakujibu. Kaa chini."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, si dada yake, si mawaziri wake, si mahakama. Alimwangalia dada yake kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Bibi hakumngoja. Alishamvutia kiti binti yake, akamfuta uso kwa upindo wa kanga, akambonyeza bega.

"Na wewe, mwanangu, kaa," akasema. "Chakula kinapoa."

Refa akakaa. Mama yake akakaa kando yake, akafunua bakuli, akaanza kupakua. Mjomba ndiye aliyebaki amesimama.